Taa Nyeupe Kwenye Foleni ya Ukaguzi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi wa magari hapa Likasi, na mnajua mimi jicho langu halikosi kitu. Mbele yangu dereva wa taksi aliwasha taa zake kuelekea ukuta. Alikuwa ametia ampule, yaani balbu, za zenoni, nyeupe kama moto wa kuchomelea chuma. Upande wa kushoto mwanga ulipanda mpaka dirishani.

Mkaguzi akajikinga macho kwa kofia.

"Papa, hizi hazikutoka na gari. Weye unaona njia, ule mwenye anakuya haone kitu."

"Shefu, gari ni ya Japon!"

"Njo maana. Kule wanapita kushoto, taa inapanda kushoto. Huku inapanda mu macho ya wenzako. Toa hizi, tia za kawaida, tuzishushe."

"Na nikikatala?"

"Hakuna karatasi, hakuna taksi."

Dereva alifyonya, akakunja mikono ya shati, akafungua boneti.

Niligeuka. Nyuma yangu boneti zilikuwa zinafunguka bila mtu kuambiwa neno. Mimi pia nilifungua yangu, lakini kuangalia maji tu. Aliyeniona nikitia kitu mfukoni, ajue kilikuwa kitambaa.