Ndege wa Asali na Mdomo Wangu

Wakati wa mavuno tulikuwa wanawake wanne kivukoni Lumemo, tunangoja mtumbwi. Askari wa boma alikuwa ameketi kivulini anakuna kisigino, kachoka kuwasaka wanaume waliokimbilia porini tangu vita vya Maji Maji. Mara ndege wa asali akaanza kelele kichakani, upande wa pili wa njia.

"Ndege gani huyu hanyamazi?" askari akauliza.

Wenzangu wakatazama maji. Mimi, mjuzi wa kila jambo, nikajibu: "Huyo hapigi kelele bure, bwana. Akiona mzinga humtafuta mtu, amwite mpaka ainuke amfuate, mtu auvunje mzinga, naye ndege ajipatie nta. Anapoita, ujue pana mtu."

Jirani yangu akanifinya paja. Nikadhani ananionea wivu.

Askari akaacha kukuna. "Bibi," akasema polepole, "sisi sote tuko huku. Mbona anaita kule?"

Akaingia kichakani na bunduki, akatoka na mume wa jirani yangu, kamba shingoni. Yule mume tuliyeambiwa yuko Mngeta! Hajarudi mpaka leo.

Ndege simlaumu. Alimwona mtu, akamwita kwa njaa yake. Mimi nilikuwa nimeshiba, nilitaka tu kuonekana najua.

Siku hizi nikifika kisimani wanawake hunyamaza kwanza. Kisha huniamkia kwa heshima zote, shikamoo bibi, na kunisimulia habari za mvua.