Kiangazi Ambacho Kijito Hakikukauka

Harufu ilikuwa ya sabuni, ile yenye marashi ambayo nyumbani kwetu haikuwahi kuingia. Ilitoka kwenye kijito kilichopita chini ya bustani ya mama, bondeni, nje kidogo ya mji wa Karatu. Nilikuwa darasa la nne, na niliipenda kiasi cha kuinama kuivuta kwa pua. Kila mwaka ifikapo Julai, upepo wa baridi ukianza kupeperusha vumbi jekundu, kijito kilikuwa kinakauka na mama anaziacha kabichi zake zijifie. Mwaka ule maji hayakukatika. Yalipungua, yakawa ya kijivu, yakafanya povu kwenye kona, lakini yalitiririka Agosti nzima, na kabichi zikanenepa mpaka wanunuzi mnadani wakawa wanazipapasa kwa mashaka.

Kanisani, akina mama wa bondeni walitoa shukrani. Mama alibeba kabichi kubwa kuliko kichwa changu mpaka mbele ya altare, katekista akasema Mungu amewakumbuka wanyonge, tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Kama ni Mungu, kwa nini maji yake yananukia sabuni? Jumamosi iliyofuata nilikifuata kijito kwenda juu, nikiruka mawe, mpaka kwenye korongo lililo chini ya loji ya watalii. Nikakuta lori la kunyonya vyoo limegeuza mgongo, bomba limelala ukingoni likitapika. Dereva aliniona akacheka. "We binti, wahi nyumbani ukaziambie mboga chakula kimefika!"

Nilikimbia kumwambia mama. "Aayo, ni vinyesi vya loji." Aayo ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama, na nilidhani neno hilo lingemlainisha. Hakuacha kumwagilia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi hukuona kitu. Ukilisema hilo mnadani, tutakula nini, povu?"

Mwezi huohuo mdogo wangu Bura aliharisha damu, akalazwa. Daktari akauliza mtoto huwa anachezea wapi. Mama akajibu, "Uani," kisha akanitazama. Nikaangalia sakafu. Bura alipona, lakini mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa utii au kwa sababu na mimi nilipenda kushiba.

Chuoni nilisomea mambo ya maji, nikajua majina ya vijidudu tulivyokuwa tukivishukuru kwa nyimbo. Nikarudi na hasira. Nikapiga picha, nikaandika barua, nikazunguka ofisi hadi ofisi. Sasa mji una mabwawa ya kusafishia maji taka, yamezungushiwa uzio, na malori yote huenda huko. Mchoro unaonyesha maji yaliyosafishwa yakirudishwa kijitoni kwetu. Hayajarudishwa, kila nikiuliza naambiwa ni awamu ya pili. Siku ya uzinduzi tuliambiwa mazingira yameokolewa, nami nilipiga makofi kama nilivyopiga kanisani.

Agosti hii nilikwenda nyumbani. Bustani yote ilikuwa ya kahawia, mama amekaa ukingoni, jembe mapajani. Hakunilaumu. Aliuliza habari za safari, akanipongeza kwamba sasa hakuna mtoto atakayeugua kwa maji ya hapa, na alimaanisha. Kisha akaniambia jirani zake wawili wameshakwenda kuchuma kahawa Oldeani, akaniuliza kama kwa usomi wangu ninamfahamu mnyapara yeyote huko ambaye angekubali kibarua wa umri wake.