Kiti cha Mbele cha Kosta

Hildegarda, muuza mboga wa Mabwerebwere, alikitaka kiti cha mbele kwenye Kosta ya kuwapeleka mashabiki wa tawi lao uwanja mpya. Magoti yake hayawezi kubanwa nyuma. Lakini mwenyekiti Vitalis, mgane anayepaka nywele rangi, alikuwa amejiandikia kiti hicho.

"Mbele anakaa mkubwa wetu kwa umri," Hildegarda akasema kikaoni. "Shikamoo, mzee Vitalis!"

Wanachama wakasubiri marahaba. Vitalis akamtupia jicho Salome, mwanachama anayemchumbia. Alishamwambia mwanamke huyo kwamba yeye ana miaka arobaini tu.

"Acha utani, dada," akajibu. "Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, kakae nyuma na vijana wenzako."