Sivuti, Daktari

Sigara nimeichukia tangu nikiwa msichana. Harufu yake inaingia kwenye pazia, kwenye blanketi, hata kwenye mkate uliofunikwa. Mume wangu alikuwa anavuta, na kwa miaka kumi na saba ya ndoa nilimkunjia pua. Akiingia ndani, namwambia akapige mswaki. Akinisogelea kitandani, nageukia ukuta. Mimi ni mtu wa kinyaa, nakubali. Kikombe chenye alama ya midomo sikinywei, na unywele mmoja kwenye sufuria unaninyima chakula siku nzima.

Sasa fikiria mtu kama huyo anavyojisikia matiti yake mwenyewe yakianza kumtia kichefuchefu. Watoto watatu waliyanyonya, na wa mwisho alinyonya hadi akawa anakuja na kigoda chake. Walipomaliza waliniachia soksi mbili zilizoanikwa. Hilo peke yake ningelivumilia, maana wanawake wa rika langu karibu wote ni hivyo. Kilichonishinda ni jasho. Nafanya kazi katika kiwanda cha matunda, Eneo la Viwanda kule Thika, upande wa mananasi, na ndani ya aproni ya plastiki kuna joto la kuchemsha mayai. Jioni nikifika nyumbani Mwihoko nilikuwa nanyanyua titi kwa mkono mmoja na kupangusa chini yake kwa mkono mwingine. Ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa majimaji, inanuka maziwa yaliyolala. Nilipaka poda, ikageuka uji mzito. Nilijichukia.

Mwanzo nilikwenda Ruiru, kwenye chumba fulani juu ya duka la misumari na mabati. Mwanamke mwenye koti jeupe na kucha ndefu alinishika matiti kabla hata sijaketi, akayapima kwa viganja kama anayenunua maparachichi. Akasema sindano chache na krimu yake zitayapandisha. Kitandani palikuwa na shuka yenye doa la manjano, na doa hilo halikuwa langu. Nikamuuliza amesomea wapi udaktari.

"Mama, unataka kuinuliwa ama unataka kusoma vyeti?" akaniuliza.

Niliteremka ngazi nikijifuta mikono kwenye sketi. Mwanamke akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia aanze na hayo mawili: aulize vyeti, na atazame shuka.

Daktari wa kweli nilimpata Thika, mwanamke asiye na haraka, mwenye vyeti ukutani na sabuni kwenye sinki. Alinichora kwa kalamu huku akieleza, nami nikaandika kila kitu katika daftari kuukuu la shule la binti yangu. Matiti hayataongezeka, yatapandishwa tu. Kovu litazunguka chuchu, lishuke, kisha lipite chini ya titi, na kama ngozi yangu ni ya kufura makovu, nilitaje mapema. Picha ya matiti ipigwe kwanza, kuhakikisha hakuna uvimbe uliojificha. Chuchu inaweza kupoteza hisia. Nikinenepa au nikizaa tena, kazi yote inaweza kuharibika. Wiki kadhaa nisiinue mtungi wala sufuria kubwa, kwa hiyo nitafute wa kunisaidia.

"Umemaliza kuzaa?"

"Nimemaliza, daktari. Nikizaa tena nipelekwe hospitali ya wazimu."

"Unavuta sigara?"

Nilikaribia kucheka. "Mimi? Sivuti, daktari. Hata kukaa karibu nayo siwezi. Ni bwana yangu ndiye huvuta."

"Basi hata yeye asivute karibu nawe. Mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada." Akaweka kalamu chini na kunitazama usoni. "Chuchu siiondoi, mama. Naisogeza juu ikiwa bado imeshikana na nyama yake, na damu inayopita hapo kwenye vimishipa vidogo ndiyo itaiweka hai. Tumbaku hubana hiyo mishipa. Damu isipofika, chuchu inakufa. Umenielewa?"

Nilimwelewa sana. Nilipigia mstari maneno 'chuchu inakufa' mara mbili. Kisha nikaaga, nikaingia choo cha hospitali, nikafunga mlango, nikatoa kikebe changu kwenye sidiria, nikabana ugoro kidogo kwa vidole viwili na kuunusa.

Msinicheke. Ugoro kwetu haukuwa jambo la kutajia daktari. Nyanya yangu aliunusa, mama yangu aliunusa, na mimi nilifundishwa na mama mwenyewe nilipojifungua kwanza, kwamba unatoa maumivu ya kichwa na kuondoa uchovu. Kiwandani tunaunusa nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, kila mmoja na kikebe chake, maana bila huo zamu ndefu ya mananasi haiishi. Kanisani mhubiri hukemea sigara na pombe mpaka shingo inamvimba, na akina mama wa viti vya mbele huitikia amina huku vikebe vimelala salama kwenye sidiria zao. Sigara ilikuwa ya walevi na makanga wa matatu. Ugoro ulikuwa wa watu wenye heshima zao.

Jioni hiyo nilimsomea mume wangu daftari. Nilimwambia moshi wake utaniua titi, na kuanzia siku hiyo akitaka kujichafua apande juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Hakubisha. Kila jioni akishamaliza kula alichukua koti lake, akapanda, akarudi baada ya nusu saa. Nilimnusa akirudi. Sikusikia kitu, lakini sikumwamini. Nilisema moyoni kwamba mvutaji hakosi ujanja.

Operesheni ilikwenda vizuri. Niliamka na mirija miwili ubavuni, inachuruzika maji mekundu kwenye vichupa, na harufu ya dawa iliyonifanya nitapike kwenye beseni huku nimeshikilia kifua. Lakini nilipotazama chini niliona kitovu changu, ambacho tulikuwa hatujaonana nacho kwa miaka. Nililia kwa furaha, nesi akafikiri ni maumivu.

Nyumbani, wenzangu watatu wa kiwandani walikuja kuniona kama wanavyokuja kumwona mzazi: chupa ya uji wa wimbi, bakuli la maharagwe ya njahi, na hadithi. Mmoja alipoinama kuniaga, alisukuma kitu chini ya mto.

"Hiyo ni ya kutoa kichwa," akanong'ona. "Pole pole tu, usipige chafya kwa nguvu."

Nilifuata ushauri wake. Kila nikinusa, nilikumbatia mto kifuani ili chafya isivute nyuzi. Nilijiona mwangalifu kupindukia.

Siku ya tano tulirudi kwa daktari kubadilishwa bandeji. Titi la kushoto lilikuwa safi. La kulia, alipotoa shashi, chuchu ilikuwa rangi ya zambarau mbivu, na ukingo mmoja ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Palitoka harufu. Haikuwa kali, lakini mimi naijua nyama inayoanza kuharibika, ningeirudisha buchani.

Daktari aliibonyeza taratibu kwa kidole, akangoja rangi irudi. Ilirudi kwa uvivu. "Damu haifiki vizuri," alisema. "Mama, una uhakika huvuti?"

"Sivuti!" Nilisikia sauti yangu ikipanda. "Muulize huyu. Ni yeye. Nimemwambia, nimemwomba, na kila jioni yuko juu ya paa na sigara zake, halafu anarudi kulala kando yangu. Ni yeye anayeniua, daktari."

Daktari alimgeukia. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Niliacha, daktari," alisema.

"Uongo!" nikasema.

Daktari alimwonya kwa ukali, akaniandikia dawa, akasema nirudi baada ya siku mbili, na kwamba bado ipo nafasi ya kuiokoa chuchu ikiwa hakuna tumbaku yoyote itakayonifikia. Njia nzima hadi Mwihoko sikumsemesha yule mtu. Nilitazama nje na kumchukia kuanzia viatu hadi kofia. Uongo wake ulinitia kinyaa kuliko moshi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya chakula cha mchana alichukua koti lake akapanda. Nilingoja kidogo. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa hasira, kwa hiyo nilinusa ugoro kwanza, nikatia kikebe mfukoni mwa dera langu, kisha nikaanza kupanda ngazi, nikipumzika kila orofa, mkono mmoja ukutani na mwingine kifuani. Nilitaka nimkute nayo mdomoni. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya mashuka ya majirani. Hakukuwa na moshi. Miguuni pake palijaa maganda mekundu ya njugu karanga, mengine ya siku nyingi, yamekauka na kusukumwa pembeni na upepo. Mkononi alikuwa na kifuko cha njugu, anazimenya moja moja kama mtu anayehesabu dakika.

"Kumbe umepanda ngazi na hicho kidonda?" aliuliza, akainuka haraka.

"Sigara iko wapi?"

"Niliacha ile siku ulinisomea kitabu yako. Hiyo saa ya baada ya kula ndio inanisumbua. Kwa hivyo nakuja huku natafuna hizi mpaka ipite. Sikutaka unione nikitetemeka."

Nilifungua kinywa nimjibu, nikapiga chafya. Chafya kubwa, ya ugoro, iliyonivuta nyuzi zote hadi machozi yakanitoka. Alinishika kiwiko nisianguke. Akangoja nipate pumzi.

"Na hiyo yako?" aliuliza. Hakuwa ananikejeli, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Daktari alisema hiyo ni sawa? Mimi nilidhani ulimwambia."

Nilitoa kikebe mfukoni. Nilikifungua, na kwa mara ya kwanza nilikiangalia kama ninavyoangalia vitu vya watu wengine: vumbi la kahawia lenye unyevu, alama za vidole vyangu, unywele mmoja kwenye ukingo. Tumbaku. Nilimpigia daktari simu palepale, nimekaa juu ya ndoo, na nikamwambia. Akasema nikitupe sasa hivi, nisingoje kesho.

Nusu ya chuchu iliokoka. Nusu nyingine ilikauka, ikawa nyeusi, ikatoka na shashi wiki ya tatu kama ganda la kidonda cha ng'ombe, na shimo lililobaki lilitoa usaha kwa siku nyingi. Lilinuka. Lilinuka hata mimi mwenyewe nilikuwa nageuza uso dirishani wakati wa kulisafisha, na binti yangu alijaribu siku moja akakimbilia choo.

Kwa hiyo alisafisha baba yake. Asubuhi na jioni, beseni la maji ya chumvi, shashi mpya, kichwa chake kimeinama karibu kabisa na kile kitu. Wa kwanza kumlaumu mbele ya daktari nilikuwa mimi, na hajawahi kulitaja hilo. Kila mara nilimtazama usoni nikimngoja akunje pua. Alikuwa ananidai hivyo kwa miaka yote niliyomkunjia pua, nami nusu nikitamani afanye tu ili tulingane.

Hakukunja hata siku moja.