Mkufunzi wa Jumamosi

Shemeji yangu, mume wa dada, hufundisha walinzi wa kampuni moja namna ya kusimama getini na kukagua mifuko. Ni kazi halali, siidharau. Ninachodharau ni kwamba akirudi nyumbani anadhani na sisi tumeajiriwa huko.

Mbwa wao alikuwa na tabia ya kurukia watu. Siku moja alimrukia mteja aliyekuja kushonewa na dada, akamchafua gauni zima. Mama mwenye nyumba, ambaye anaishi ukuta wa pili, akaja mwenyewe. "Nawapa mwezi mmoja," akasema. "Nitakuja kumwona. Akinirukia mimi, anaondoka."

Dada alilia siku ile, na si mtu wa kulia ovyo. Wanawe wameshaoa, wako mbali. Mumewe hutoka alfajiri na kurudi na hotuba. Kiumbe anayemfuata kutoka sebuleni mpaka jikoni kutwa nzima ni yule mbwa. Akiondoka, dada atabaki anaongea na cherehani.

"Niachie mimi," shemeji akasema. Akatangaza mafunzo kila Jumamosi, saa tatu hadi saa tano, bila mzaha. Akavaa buti, akaning'iniza filimbi shingoni, akashika daftari. Ungemkuta uani anamhutubia mbwa: "Jukumu lako la kwanza ni nidhamu." Mbwa anajikuna sikio. Robo saa baadaye keshalala kwenye kivuli cha tangi la maji, na mwalimu bado yuko jukumu la pili. Jumapili mpaka Ijumaa hata kumtupia jicho hamtupii. Mafunzo yana siku yake, anasema. Nilikuwa nauma ulimi nisicheke.

Dada hushona sare za shule sebuleni, nami huenda kumsaidia kutia vifungo. Saa mbili nzima za kukaa na mbwa azitoe wapi? Lakini uzi ukikatika, kabla hajatunga sindano upya, anasema, "Kaa." Mbwa akikaa anapata kipande cha mkate kidogo kama ukucha, kazi inaendelea. Akisubiri chai ichemke, mbwa naye anasubirishwa palepale mlangoni mwa jikoni. Mteja akibisha hodi, mbwa anakaa kwanza, ndipo mlango unafunguliwa. Ni dakika moja hapa, nusu dakika pale, na akikosea dada hagombi, anaendelea na pindo lake. Wiki ya tatu nilishangaa mwenyewe.

Mwezi ulipotimia, mama mwenye nyumba akaja Jumamosi, katikati ya kipindi. Shemeji akavimba kichwa. "Karibu uone matokeo," akasema, akapuliza filimbi.

Mbwa akafurahi vibaya sana. Akazunguka tangi mara mbili, kisha akamwendea mgeni mbio. Shemeji akapuliza tena, akafungua daftari, sijui alitaka kumsomea nini. Dada alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. Akasema, kwa sauti ileile ya kuniomba mkasi, "Kaa."

Mbwa akakaa, hatua moja tu kutoka kwenye viatu vya mama yule.

"Haya, abaki," mama mwenye nyumba akasema. "Nani kamfundisha?"

"Saa mbili kila wiki, mama," shemeji akajibu, bila hata kuona haya. "Hakuna njia ya mkato."

Mama yule hakuridhika. Akamgeukia dada. "Na wewe? Mbona mbwa amekusikia wewe?"

Nikamkazia dada macho. Sema, mwanamke, sema.

"Mimi?" akacheka kidogo. "Muda naupata wapi? Mimi nashona tu."

Hasira yangu yote ikamwacha shemeji, ikamhamia yeye. Yule ni domo tupu, nimemzoea. Lakini huyu? Nilimfuata jikoni. "Dada, kwa nini unamwachia sifa zako?"

"Sifa gani, mdogo wangu?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Dakika moja moja nayo utaiita kazi?"

Jumamosi iliyofuata majirani wawili walileta mbwa wao kwa mkufunzi. Dada akawatolea viti uani, akawapikia chai, akaniomba nimalizie vifungo peke yangu.