Siku Niliyofungiwa Nje Juu ya Duka la Mama Dahabo

Kuna watu hapa Isiolo mpaka leo hawajui naitwa Mwenda, wananijua kwa jina lingine ambalo nitalifikia, na kabla hujasimuliwa na mtu atakayekutilia chumvi, afadhali nikusimulie mimi mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Mwaka juzi niliitwa na Mzee Boru, mwenye lile jengo la ghorofa nne katikati ya mji, la zamani, rangi imebambuka, maji hayapandi ghorofa ya tatu, na nusu ya ofisi za juu ziko tupu kwa sababu wapangaji wamehamia majengo mapya ya vioo upande wa barabara kuu. Chini kuna maduka sita, na hayo ndiyo yalikuwa yamebaki na uhai. Mzee alitaka nimchoree upya, ofisi za kisasa juu na maduka ya kisasa chini, na kwa vile nilikuwa nimeshuka tu kutoka Meru na hii ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, nilichora kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Veranda yote nikaiondoa, nguzo zake nikazifuta, mbele nikaweka vioo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vyoo vya wateja vikakosa mahali, nikavisukuma kwenye duka la kona. (Kwenye karatasi, kona ile ilikuwa mstatili tu. Sikujiuliza nani yumo ndani.)

Aliyekuwemo ni Mama Dahabo, fundi wa nguo, ambaye ameshona madira na sare za shule mahali pale tangu Mzee Boru akiwa na nywele nyeusi. Mzee alipoona mchoro alisema atazungumza na huyo mama yeye mwenyewe, polepole, Ijumaa alasiri, na kabla ya hapo karatasi ile isionekane na mtu yeyote.

Ijumaa hiyo nilifika asubuhi kumalizia vipimo. Adhuhuri ilipofika maduka yakafungwa, mafundi waliokuwa wakitengeneza mabomba ya maji wakaenda msikitini, hata mlinzi akaenda, akaniachia ufunguo wa lango la ngazi na kuniambia nijifungie kwa ndani. Nilikuwa nimebakisha kipimo kimoja, upana wa kile kipaa cha zege kinachofunika veranda. Galgalo, msimamizi wa mafundi, alikuwa amenisihi nimngoje arudi na ngazi yake. Ningengoja kama nusu saa hivi, nikanywa chai, maisha yakaendelea. Lakini niliona dirisha la korido ya ghorofa ya kwanza liko karibu usawa na kipaa, nikasema moyoni si ni hatua moja tu, nikavua koti, nikaliacha kwa ndani pamoja na simu, nikachukua futi ya kupimia na ile ramani, nikatoka kwa dirisha kama mtu anayetoka kwake.

Upepo wa Isiolo unaujua. Ulilibamiza dirisha nyuma yangu, na nikasikia komeo la chuma likijiangukia mahali pake. Nikasukuma, nikaingiza kucha pembeni, nikavuta, na katika hiyo vuta nikupe nikaiweka ramani chini kidogo tu ili nitumie mikono yote miwili. Upepo ukaichukua nayo. Ikaelea, ikageuka mara mbili, ikatua barabarani uso juu, mbele kabisa ya mlango wa Mama Dahabo.

Mtaa ulikuwa mtupu, jua la saa saba, zege linaunguza mpaka kwenye soli. Baadaye kidogo swala ikaisha na watu wa kwanza wakaanza kukata kona. Mtu mwenye akili hapo angeita watu na kuomba msaada. Mimi nikalala kifudifudi, kwenye mavi ya njiwa ya miaka mingi, nikijiambia nitajificha mpaka nimwone Galgalo nimwite kwa sauti ndogo, yaishe kimyakimya. Nililosahau ni mguu, ambao ulikuwa umetokeza nje ya ukingo.

Mtu mmoja akauliza yule aliyejificha juu ya maduka ni nani. Mwingine akasema mwizi. Sasa, maduka yamefungwa, watu wako msikitini, na wewe umelala juu yake, utajitetea vipi? Neno lilitembea mtaa mzima kabla sijakaa, na nilipoinuka na mikono juu, shati jeupe kwa kinyesi cha njiwa, chini walikuwa wamejaa, na wawili walikuwa wameshika mawe. Nilijaribu kusema mimi ni mtu wa ramani lakini kelele zao zikanifunika. Hapo niliogopa kweli, sikudanganyi.

Aliyeniokoa ni Mama Dahabo, aliyekuwa anarudi kufungua duka. Alinitazama huku amekinga jua kwa mkono, akawaambia waweke mawe chini, huyu si mwizi, ni kijana wa Mzee Boru. Wakamsikiliza, maana nusu yao aliwashonea sare ya kwanza ya shule. Nikamrushia ufunguo wa lango, nikamwomba amtume mtu anifungulie. Akauokota, akaufunga kwenye pindo la mtandio wake, na alipoinama ndipo akaiona karatasi.

Akaiokota bila haraka. Akaitazama, akatazama duka lake, akaitazama tena.

"Mwenda," akasema, "miwani yangu iko ndani. Hapa kwa kona pameandikwa nini?"

Watu wakainua vichwa kunisikiliza. (Baadaye nilijua kwamba Mama Dahabo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani yoyote.)

"Choo, mama."

"Choo ya nani?"

"Ya wateja."

"Na mimi niko wapi?"

Watu walianza kucheka, na kicheko kilikuwa kikubwa, lakini yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Katikati ya hayo akatokea Mzee Boru akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Akanitazama mimi, akatazama karatasi, akavua kofia na kujifuta kichwa.

"Dahabo, hii nilitaka tuongee alasiri," akasema.

"Tumeshaongea. Kijana amesoma yote."

Kisha, badala ya kumtuma mtu, akapanda ngazi yeye mwenyewe. Nilimsikia akihema kwenye korido, komeo likainuka, dirisha likafunguka. Nikainua mguu niingie, akanizuia kwa kiganja.

"Usiingie bado. Geuka uangalie chini. Wale watu wamesimama wapi?"

Nikageuka, nikalala tena kifudifudi ukingoni, nikachungulia chini ya kipaa. Jua lilikuwa kali na barabara nzima ilikuwa nyeupe, na watu wote, wazee wa kutoka mtaa wa Kulamawe, akina mama na mizigo, hata wale waliokuwa na mawe, walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha veranda, wengine wameegemea zile nguzo nilizozifuta.

"Hakuna aliyekuja kununua," akasema. "Wamefuata kivuli. Mtu akishapumzika ndiyo anakumbuka anataka kitu. Wewe ukitoa veranda, hiyo vioo yako itaangaliwa na nani?"

Nilimwomba msamaha hapo hapo dirishani, kwa maneno machache. Akaniambia niingie, ninanuka, nikanawe.

Alasiri hiyo tulikaa dukani kwake, mimi, yeye na Mzee, nimevaa shati la sare ya shule kwa sababu hakuwa na lingine la saizi yangu, na nikaanza kuchora upya. Vyoo vilienda nyuma karibu na tangi la maji, mahali ambapo kusema kweli vilistahili kuwa tangu mwanzo. Leo ukipita utaona jengo limependeza, maji yanapanda mpaka juu, ofisi zimejaa, veranda imepanuliwa na kuwekwa viti vya saruji, na Mama Dahabo yuko kona yake na taa nzuri na mlango mpana. Ananitambulisha kwa kila mteja kama Mwenda wa Choo, na mji mzima umeshika. Mwanzo nilikasirika. Siku hizi nikiitwa ng'ambo ya barabara naitika.

Nimeapa mambo mawili. Sitatoka tena kwa dirisha hata nyumba ikiwaka moto, nitatafuta mlango. Na sichori duka la mtu kabla sijaketi ndani yake asubuhi nzima, nikaona nani anaingia na anasimama wapi. Wenye majengo wananiona mvivu, wanauliza mbona nimekaa tu. Nawaambia nafanya kazi.