Hapana Iliyohesabiwa Ndiyo

Marehemu alinifungulia mlango mwenyewe, saa tatu asubuhi, mkononi ameshika mwiko.

Ilikuwa Gongoni, hapa Tabora mjini, nyumbani kwa Bi Asmahani. Nusu saa kabla, wanachama wote wa chama chetu cha kuzikana walikuwa wamepokea ujumbe wa simu kwamba amefariki dunia.

Ujumbe ule ulitumwa na programu yangu.

Nafundisha kompyuta chuoni, na chama kilinikabidhi daftari la wanachama nilihamishie kwenye kanzidata ya kompyuta. Fomu ina swali: amefariki? Karani alijibu "hapana". Fanksheni, yaani kile kipande cha programu kinachouliza kanzidata, ilihitaji kweli au si kweli. Mimi nikaipitishia neno lenyewe, likiwa maandishi. Na JavaScript, lugha niliyoandikia programu, hulihesabu kuwa kweli andiko lolote lisilo tupu.

Hata "hapana".

Programu ilifuata alfabeti. Nikaizima baada ya jina la kwanza, ndivyo nilivyodhani.

Nikamwomba radhi Bi Asmahani, nikasema natuma masahihisho sasa hivi.

"Subiri kwanza, mwalimu. Awadhi anakuja."

Awadhi ni mdogo wake, mkulima wa tumbaku kule Usoke, naye ni mwanachama. Walikosana kwenye mirathi ya baba yao, na huu ni mwaka wa tisa hawajasalimiana. Alikuwa amempigia jirani kwamba anakwenda stendi, anakuja kuzika.

"Akijua nipo hai, haji," Bi Asmahani akasema.

Nimefundisha miaka kumi na miwili kwamba data ya uongo isiachwe hata dakika moja. Nikaketi. Nikapewa vitunguu nimenye.

Waliokuja kuhani wakaelezwa, wakaguna, wakasubiri pilau.

Saa sita Awadhi akaingia, sanda kwapani. Akamtazama dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona hukushtuka?"

Akanipa mimi simu nisome. Ujumbe wa pili: Awadhi amefariki dunia. Kumbe programu ilishavuka jina la kwanza, ikamtumia yeye tu kabla sijaizima.

"Niliupata nikiwa bado stendi," akasema. "Nikaona, kama mimi mzima, basi na yeye mzima."

Bi Asmahani akamwuliza kwa nini, basi, hakurudi nyumbani kwake.

Awadhi akaketi mkekani.

"Nilishakata tiketi."

Bi Asmahani akaipokea sanda, akaitia kabatini, akampakulia.

Ndugu msomaji, kabla hujaikabidhi kanzidata thamani yoyote, ipe kwanza aina yake: namba iwe namba, kweli iwe kweli.

Masahihisho niliyatuma saa kumi, watu walipokwisha kula.